Kadi Shingoni, Ngamia Jikoni

Njia iliyonifikisha Lindeni sitaieleza. Anayetaka kuijua na apotee, ataiona. Itoshe kusema kwamba nilifika asubuhi, viatu vimechoka na koo linadai chai, na kwamba kitu cha kwanza kilichonisimamisha katika nchi ile hakikuwa ikulu wala mlima. Kilikuwa maktaba.

Nimeona majengo makubwa katika maisha yangu, lakini mbele ya lile nilisahau chai. Ngazi zake zilikuwa pana kiasi kwamba harusi mbili zingeweza kupishana bila kugusana mabega. Milango ilikuwa ya mninga. Juu, badala ya dari, palikuwa na kioo kitupu, na mwanga wa mchana ulishuka kupitia ghorofa saba za vitabu mpaka ukatulia sakafuni. Vitabu vilizunguka pande zote, vya ngozi na vya karatasi, vinene na vyembamba, vyote vimesimama wima. Humo ndani mlinukia karafuu. Nilivua kofia bila kuambiwa na mtu, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinilengalenga. Sikujua kama wanadamu wamewahi kuandika mambo mengi kiasi kile.

"Watu wengi hulia," ilisema sauti nyuma yangu. "Kisha hutoka."

Huyo alikuwa Karani Sululu, mtunza daftari la maktaba na mwenyeji wa wageni. Alikuwa mtu mwembamba, wa makamo, mwenye koti jeusi lililopigwa pasi mpaka likang'aa viwikoni. Alinitembeza. Alinionyesha meza, akanionyesha na viti, mia nne kwa hesabu yake, kila kimoja kimefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa, kama viti vya sebuleni vinavyongoja wageni wa posa.

"Hukaliwa na akina nani?" niliuliza.

"Havijawahi kukaliwa," alijibu Karani Sululu, kwa fahari ya mama anayesema mwanawe hajawahi kuugua.

Nilidhani ananitania. Nilitazama huku na huku. Katika jumba lile lote, siku ile nzuri, tulikuwa wawili tu.

Basi akanieleza sheria za nchi, nami naziandika hapa kama nilivyozisikia. Sisi kwetu husema kizuri chajiuza. Watu wa Lindeni wanaamini kwamba kizuri hujifungia. Maktaba ni mali ya umma, na kwa kuwa ni mali ya umma, inalindwa dhidi ya umma. Raia yeyote anaweza kuomba kadi. Fomu ni fupi, ina swali moja tu: kitabu unachokitaka kitakupa faida gani? Majibu husomwa na Baraza la Faida, watu saba wanaoishi kwa kazi hiyo. Ombi likikataliwa mara tatu, mwombaji hataomba tena mpaka anaingia kaburini.

"Na aliyepata kadi?"

"Huazima kitabu akitaka. Siku ya kurudisha, mjumbe mmoja wa Baraza humkalisha mlangoni na kumuuliza maswali ishirini. Akikosa sita, kadi yake hukatwa kwa mkasi mbele ya watu."

"Kwa hiyo watu husoma kwa bidii."

"Kwa hiyo mwenye akili haazimi," alisema Karani. "Kitabu kilichoazimwa zaidi miaka hii kumi ni cha uchimbaji wa vyoo. Kina kurasa kumi na moja, na watu hukihifadhi kwa moyo kabla hawajakiomba."

Jambo hilo nilikuja kulithibitisha mwenyewe mjini. Kadi ya maktaba ya Lindeni ina utepe wa kijani, nayo huvaliwa shingoni sokoni, msibani, na hasa kwenye posa. Nilimwona baba mmoja akivua yake na kuwapa wakwe, nao wakaipitisha mkono kwa mkono juu ya leso safi. Nikamuuliza aliyekaa kando yangu: baba yule amesoma nini? Jirani alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la aibu.

"Ana kadi," alinijibu.

Nilipotoka maktaba siku ile ya kwanza nilimkuta mwanamke ameketi ngazi ya chini kabisa, anamenya chungwa. Alikuwa mtu mzima, wa miaka sitini na kitu, kanga zake zimefuliwa mpaka zimepauka, na alikuwa akiutazama ule mlango kama mtu anayetazama nyumba aliyozaliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka ndani?"

"Nimetoka."

"Rafu ya nne, ghorofa ya pili, upande wa kushoto. Pana vumbi?"

Nilikiri kwamba sikuangalia. Alisikitika, akanipa kipande cha chungwa, akanisogezea nafasi ngazini. Jina lake lilikuwa Bi Mwatima, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpepeaji wa maktaba ya Lindeni.

Kazi ya mpepeaji haipo kwetu, kwa hiyo niieleze. Vitabu visivyofunguliwa huliwa na wadudu. Watu wa Lindeni walilijua hilo, na wangeweza kulitibu kwa kuwaacha watu wasome. Badala yake waliajiri wapepeaji. Sheria inasema kila kitabu kifunguliwe mara moja kwa mwaka, mpepeaji akitazame kwa muda wa pumzi kumi kuona kama hakina mdudu, kisha akipepee na kukifunga.

"Sheria iliniamuru nitazame," alisema Bi Mwatima. "Haikuniamuru nisielewe. Na pumzi kumi zatosha ukurasa mmoja, ukijua kusoma na ukijua kupumua polepole."

Basi kila mwaka alisoma ukurasa mmoja wa kila kitabu katika rafu zake. Mwaka wa pili alifungua ukurasa wa pili. Alikuwa na vitabu elfu mbili kichwani, na hata kimoja hakikuwa na mwisho.

"Vingine nimevisamehe," alisema. "Vya hesabu za mvua, vya historia ya mihuri. Lakini kimoja kimenikaa hapa." Aligusa koo. "*Ngamia wa Mpishi*. Wakijua?"

Nilimwambia sikijui. Hapo Bi Mwatima alisahau chungwa lake. Alinisimulia juu ya mpishi mmoja, Farjala, aliyerithishwa ngamia na mjomba wake, naye ni mtumishi wa Liwali asiyetaka kusikia hata harufu ya ngamia. Mpishi akamficha ngamia jikoni. Kila ukurasa ngamia anakaribia kugunduliwa, kila ukurasa mpishi anapata hila mpya. Kumbuka kwamba mama huyu alikisoma kwa kipimo cha ukurasa kwa mwaka. Mwaka aliozaa mtoto wake wa mwisho, ngamia alikula mapazia. Mwaka aliofiwa na mumewe, mpishi alimvalisha ngamia aproni.

"Ukurasa wa thelathini na moja," alisema, sauti imeshuka, "Liwali yuaja jikoni mwenyewe, nyuma yake wageni kumi na mmoja. Aweka mkono mlangoni. Asukuma. Mlango wafunguka."

"Halafu?"

"Halafu wakanistaafisha."

Nakiri kwamba nilikasirika kana kwamba nimedhulumiwa mimi.

Tangu hapo, miaka mitatu sasa, alikuwa ameomba kadi mara mbili. Mara ya kwanza, kwenye swali la faida, aliandika *raha*. Baraza lilimjibu kwamba neno hilo limetafutwa katika orodha ya faida na halikuonekana. Mara ya pili majirani walimshauri aandike kwamba anataka kujifunza upishi. Baraza likamuuliza wali wa watu arubaini hutaka nazi ngapi. Akajibu sawasawa, kwa kuwa ameshapika kwenye misiba mingi, na ombi likakataliwa kwa sababu anajua tayari. Ombi la tatu, la mwisho, lilikuwa lisikilizwe siku iliyofuata.

"Safari hii umeandika nini?"

"Kweli," alisema. Kisha akanigeukia. "Na kwenu je, mwanangu? Kadi yapatikana vipi?"

Nilimweleza kwamba katika mji wetu mtu hupeleka picha mbili ndogo na barua ya serikali ya mtaa, na kadi hupewa kabla ya adhuhuri. Bi Mwatima alishika kifua.

"Bila kuulizwa faida? Bila maswali ishirini?" Macho yake yaling'aa. "Lo! Basi nyinyi nyote mwasoma! Jioni, kazi zimekwisha, mwaenda kukaa na kusoma!"

Nilikohoa. Nilikuwa na kadi, ni kweli. Niliichukua nikiwa na miaka ishirini na minne, nilipokuwa nasomea mtihani wa kupandishwa cheo. Nilipofaulu niliitia katika droo ya kabati pamoja na picha za zamani na betri zilizokwisha, na sijaigusa tena.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Twasoma."

Huo ulikuwa uongo, na sijui kwa nini ulinitoka mbele ya mtu yule kuliko watu wote.

Kesho yake saa nane mchana Baraza la Faida liliketi katikati ya maktaba, katika viti saba vya mbao vilivyoletwa kwa ajili hiyo, maana hata wajumbe hawakukalia vile vyenye vitambaa. Sisi watazamaji tulisimama nyuma ya kamba. Karani Sululu aliketi pembeni na daftari. Kabla ya kuanza aliniambia kanuni moja aliyoiona ya kuchekesha, na ndiyo mara pekee niliyomwona akitabasamu: ombi lisilojibiwa kabla ya kengele ya kufunga, saa kumi na moja, huhesabiwa limekubaliwa.

"Imewahi kutokea?"

"Haijawahi. Baraza hujibu kabla chai haijapoa."

Mkuu wa Baraza aliitwa Mheshimiwa Shegwando. Alikuwa na tumbo la heshima na sauti nzito nzuri, na utepe wake wa kijani ulikuwa mpana kuliko za wengine. Alinyanyua fomu.

"Bi Mwatima, hapa kwenye faida hujajaza."

"Nimejaza, Mheshimiwa."

"Umeandika, *Nataka kukaa na kusoma*. Hii si faida. Hili ni tendo."

"Ndilo nililonalo, Mheshimiwa."

Mjadala ukaanza, nami nauandika bila kuongeza chumvi, maana hauhitaji. Mjumbe mmoja, bwana mkavu mwenye miwani mizito, mkongwe kuliko wote, alisema kusoma bila mtihani ni kuvuna bila ghala. Mama mmoja mwenye kilemba alisema yeye binafsi hana kinyongo na raha, ila raha ina nyumba yake, na nyumba yake si hii. Wa tatu aliuliza ni nani atakayepima kwamba mwombaji amefurahi kiasi kinachotakiwa. Halafu yule mkongwe alisimama tena, akanyoosha kidole kuelekea vile vitambaa vyeupe.

"Tukimpa huyu," alisema, "kesho viti vitakaliwa."

Mnong'ono wa hofu ulipita ukumbini. Nilimtazama Bi Mwatima. Alikuwa amesimama wima, mikono ameifumba mbele, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Wangepiga kura wakati ule, mambo yangekwisha. Lakini Mheshimiwa Shegwando alikuwa mtu wa kumbukumbu. Ombi la tatu ni zito, alisema, na vizazi vijavyo visije vikasema Baraza lilihukumu kitabu bila kukifungua. Akaagiza kiletwe. Bi Mwatima, bila kuulizwa, akasema: "Rafu ya nne, ghorofa ya pili, kushoto." Kikaletwa. Kilikuwa kitabu cha kawaida, jalada la rangi ya udongo. Bi Mwatima alikitazama kikipita karibu naye, na mkono wake ukanyanyuka kidogo ukarudi.

"Andika, Karani," alisema Mheshimiwa. "Baraza limeridhika kwamba kitabu hiki hakina faida yoyote. Sasa nitasoma kurasa chache ili lijionee."

Karani aliandika.

Mheshimiwa Shegwando alianza kusoma kama asomaye matangazo ya vifo redioni. Mjomba akafa, ngamia akarithiwa, mpishi akashika kichwa. Wajumbe waliandika, au walijifanya kuandika. Ukurasa wa sita, ngamia alipotia pua katika chungu cha Liwali, mtu alikohoa. Ukurasa wa tisa kikohozi kilikuwa cha watu wawili, na hakikuwa kikohozi. Kufikia mapazia, yule mama wa kilemba alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Na Mheshimiwa mwenyewe, sijui kama alijua, alikuwa ameanza kumpa Liwali sauti ya puani na mpishi sauti ya mtu anayetetemeka. Alipokuwa akisoma, Bi Mwatima alitingisha midomo pamoja naye. Neno kwa neno, mwaka kwa mwaka, alikuwa akiyapita maisha yake.

Ukafika ukurasa wa thelathini na moja. Liwali akaweka mkono mlangoni. Akasukuma. Mlango ukafunguka.

Mheshimiwa Shegwando alisita. Alivua miwani akaifuta.

"Nadhani imetosha," alisema. "Baraza limejionea. Tupige kura."

Bi Mwatima aliinamisha kichwa. Kisha kiti kililia. Alikuwa yule mkongwe wa miwani mizito, aliyesema viti vitakaliwa.

"Mheshimiwa," alisema, akitazama meza, "kwa ajili ya ukamilifu wa kumbukumbu. Ukurasa mmoja zaidi."

"Mmoja tu," akasema haraka mama wa kilemba.

Mheshimiwa akavaa miwani upesi kuliko alivyoivua. Naye akafunua, na kwa mara ya kwanza Bi Mwatima akasikia ukurasa wa thelathini na mbili.

Liwali, kumbe, alikuwa haoni vizuri, na kwa miaka mingi alikuwa akilificha hilo. Aliona kitu kirefu chenye aproni. Akaona aibu kuuliza. "Farjala," akasema, "msaidizi wako mpya ni mrefu. Hujambo, kijana?" Na wale wageni kumi na mmoja, ambao macho yao yalikuwa mazima kabisa, waliona Liwali amesalimia, basi nao mmoja mmoja wakampa ngamia mkono.

Bi Mwatima alicheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile na sijui kama nitakisikia tena. Kilianza chini sana, kikapanda, kikapita viti mia nne na ghorofa saba mpaka kwenye kioo cha juu, kicheko kilichongojea miaka thelathini na minne, kwa kuwa nayo ile mitatu ya kustaafu lazima ihesabiwe. Nywele zilinisimama. Kisha Baraza zima likacheka, na watazamaji, na mimi, na niliona kwa macho yangu mjumbe aliyetaka raha ipimwe akipiga meza kwa ngumi.

Hakuna aliyetaja kura tena. Mheshimiwa alisoma. Chai ilipoa katika vikombe saba. Mwanga uliokuwa sakafuni ulipanda ukutani, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na jumba lile ambalo jana lilikuwa zuri kama kaburi la mfalme sasa lilikuwa zuri kama nyumba ya watu. Nilijiona nimesimama mahali patakatifu. Nasema hivyo bila mzaha.

Ngamia alikuwa amepandishwa cheo kuwa mpishi mkuu, na Farjala ametumwa kumfundisha kutia saini, mlango wa pembeni ulipofunguka. Aliingia mpiga kengele, ametoka jasho.

"Waheshimiwa, niwieni radhi. Nimepiga kengele mara tatu. Mbona hamfungi? Mke wangu ananingoja."

Karani Sululu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Alisimama, akamwendea Mheshimiwa Shegwando, akakichukua kitabu mikononi mwake taratibu, akakifunga. Zilikuwa zimebaki kurasa tisa.

"Ombi halikujibiwa kabla ya kengele," alisema. "Sheria ni sheria."

Akaketi, akaandika kadi. Aliigonga muhuri, akakausha wino kwa pumzi yake, akafunga utepe wa kijani, akamvika Bi Mwatima shingoni. Mama yule aliishika ile kadi kwa vidole viwili kama kitu cha moto.

Kisha Karani aliligeukia Baraza, na sauti yake haikubadilika.

"Waheshimiwa, mmesoma. Kila asomaye huulizwa. Mmepata faida gani?"

Nilianza kuelewa walichojifanyia. Wakisema wamepata faida, basi walichoandikisha mchana ni uongo. Wakisema hawakupata, basi wamesoma bure, na asomaye bure hana haki ya kadi. Walitazamana. Karani alingoja na kalamu yake. Hatimaye Mheshimiwa Shegwando alinyanyua uso, na haukuwa uso wa mkuu wa Baraza.

"Karani," alisema, "yule ngamia alitokaje jikoni?"

"Sijui, Mheshimiwa," alijibu Karani Sululu. "Sijawahi kusoma kitabu humu. Mimi ni karani."

Mheshimiwa akavua utepe wake mpana, akaweka kadi mezani. Wengine sita wakafuata, maana asiye na kadi hakai Barazani. Nilitegemea manung'uniko, lakini hapakuwa na manung'uniko. Macho ya wote saba yalikuwa kwenye kitabu, na kitabu sasa kilikuwa na mtu mmoja tu pale mwenye haki ya kukifungua.

Bi Mwatima alikichukua. Alitembea polepole mpaka dirishani, akasimama mbele ya kiti cha tatu. Alikifunua kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka pembeni. Akaketi. Kiti kilitoa sauti ya mti unaokumbuka. Nasi wote tulishusha pumzi.

Akafungua kitabu. Akaanza kusoma kimyakimya.

"Bi Mwatima," aliita mama wa kilemba kutoka nyuma ya kamba, maana wote sasa walikuwa nyuma ya kamba pamoja nasi. "Tafadhali. Kwa sauti."

Hakuinua macho. "Nitawasimulia, wanangu. Nitawasimulia yote. Ila niacheni kwanza nikae na kusoma."

Tulimtazama akisoma. Alitabasamu, akakunja uso, akarudi nyuma ukurasa mmoja kwa kuwa sasa aliruhusiwa, akacheka peke yake, na karibu na mwisho akafuta macho kwa upindo wa kanga. Hakuna aliyeondoka. Hata mpiga kengele alibaki.

Asubuhi yake nilipokwenda kuaga, foleni ya waombaji kadi ilikuwa imeshuka ngazi zote. Wa kwanza alikuwa Shegwando, ambaye hakuna tena aliyemwita Mheshimiwa, na wala hakuonekana kulihitaji jina hilo. Karani alinionyesha fomu yake. Kwenye faida alikuwa ameandika: *Sijui. Ngamia.*

"Utafanyaje?" nilimuuliza Karani. "Baraza halipo. Hakuna wa kujibu maombi."

"Basi nitangoja kengele," alisema. Na nilipogeuka kuondoka nilimwona akivuta droo yake, ndani yake mna fomu moja iliyojazwa kwa mwandiko wake mwenyewe.

Bi Mwatima alikuwa kwenye kiti chake, kitabu kingine mkononi. Nilitaka kumwambia ukweli juu ya kadi yangu. Nilisimama mbele yake kwa muda. Lakini alikuwa anasoma, na sikupata moyo wa kumkatiza.

Nimerudi nyumbani. Nilitafuta kadi katika droo nikaikuta imeshikana na betri. Tarehe ilikuwa imepita miaka mingi, kwa hiyo nilipeleka picha mbili na barua ya serikali ya mtaa, na kabla ya adhuhuri nikapewa mpya, kama nilivyomwambia yule mama.

Maktaba yetu si ya kioo wala mninga. Ina feni mbili, moja nzima. Lakini ilikuwa imejaa. Meza zote zina watu wameinama, kila mmoja juu ya daftari lake aliloleta kutoka nyumbani. Nyuma yao vitabu vilikuwa vimesimama rafuni, wima, na vumbi juu. Hakuna aliyekuwa amegeuka kuvitazama. Dada wa kaunta alinipokea vizuri.

"Karibu, mzee. Unasomea mtihani gani?"

"Hakuna mtihani, mwanangu."

"Utafiti?"

"Nimekuja kukaa na kusoma."

Alinitazama, kisha akatazama kadi yangu, kana kwamba pengine kosa liko huko. Nilikwenda rafuni, nikachukua hadithi moja kwa sababu jalada lake lina picha ya bata, nikalipuliza vumbi. Nafasi ilikuwa moja tu, kando ya mama mmoja mwenye sare za uuguzi aliyekuwa akikariri majina ya dawa kwa midomo. Nikaketi. Kwa kurasa tatu sikuelewa kitu, kwa kuwa nilikuwa natafuta majibu. Ukurasa wa nne niliacha kutafuta. Ukurasa wa saba nilicheka, kwa nguvu, kabla sijajizuia.

Ukumbi mzima ulinyanyua vichwa. Nilisubiri kufukuzwa. Feni ilizunguka. Kisha vichwa vikarudi chini kwenye madaftari, isipokuwa kimoja. Muuguzi aliweka kalamu yake katikati ya kurasa za dawa, akainama kidogo upande wangu.

"Samahani, baba," alinong'ona. "Ni kitabu gani hicho?"

Nilisogeza kiti, nikakilaza kitabu katikati yetu, nikarudi ukurasa wa kwanza.